Sifuri kwenye Kinamasi cha Chumvi

Kwanza kabisa, mnaosha vibaya. Msinune. Juzi nilisimama darajani nikawatazama mkiwa mtoni na makarai yenu, nikaona mchanga mweusi ukimwagika pamoja na maji huku ninyi mnapiga soga. Kile mlichokuwa mnakitafuta kilikuwa kinawaaga, wala hamkuitikia. Karai haliviringishwi kwa bega. Bega ni la kubebea mkungu wa ndizi. Karai huviringishwa kwa kifundo cha mkono, taratibu, likiwa limezama nusu, hadi udongo ulainike uondoke na maji, zifuate changarawe, ufuate mchanga mweupe, na mwisho ubaki mstari mwembamba mweusi pembeni. Sisi tuliuita mkia. Kwa udongo wa shimo lile lile, mwenye mkono mzuri huachiwa mkia mnene, mwenye mkono mbaya huachiwa maji.

Sasa kwa kuwa mmekuja wenyewe kuniuliza habari za kazi ya zamani, kaeni niwaeleze, ila msinidai mpangilio. Nitaanza ninapotaka.

Enzi za Wabelgiji hapa Kongo nilikuwa katika kundi la kutafuta madini ya bati. Hatukuchimba, tulitafuta. Tulitembea kijito kwa kijito kati ya Kasongo na Kabambare, tukitoboa mashimo madogo, tukiosha udongo wake na kumwambia mzungu kilichomo. Waliokuja nyuma yetu ndio walichimba, na walipofika, kijiji kilijua. Watu walihamishwa, mto ukapindishwa, wanaume wakaandikwa kazi wapende wasipende. Ndiyo maana tulipoonekana tukishuka kilima na makarai vichwani, akina mama walitutazama kama wanavyomtazama mwewe. Mshahara ulikuwa mdogo na dharau ilikuwa kubwa, sitawadanganya. Lakini kazi yenyewe niliipenda, naipenda hadi leo, na aliyenipendesha ni mtu mmoja anaitwa Sumaili.

Sumaili alikuwa mwosha mkuu wa kundi letu. Mtu wa Kasongo mjini, wa zile familia za Kiislamu za siku nyingi, mrefu, mpole wa sauti, na siku ya Ijumaa alivaa kanzu safi hata tukiwa porini kwenye matope ya magoti. Nilipofika kwake nikijiona fundi, hakubishana nami. Alichukua vipande vidogo vya risasi za gobole, akavichanganya kwenye udongo wa karai langu mbele ya macho yangu, akaniambia nioshe. Nikaosha kwa mbwembwe. Nilipomaliza, vipande vilikuwa vimepungua, naye akanituma nikavitafute kijitoni kwa vidole, maana risasi zilikuwa mali ya babu yake. Nilishinda nimeinama majini hadi mgongo ukalia. Kesho yake alitia tena. Alifanya hivyo hadi siku nilipovirudisha vyote, na siku hiyo hakunisifu, alinihamishia tu karai lake mwenyewe, lile jepesi. Nililala nalo kando ya kichwa, naona haya kusema lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha likaja somo la bahati. Kila nilipopata karai lenye mkia mnene nilikuwa natamba kama mtu aliyeoa. Sumaili akaleta ungo wa maharage meupe, akatupia mekundu machache nikiwa nimegeuza mgongo, akachanganya, akaniamuru nifumbe macho nichote konzi. Ikatoka na mekundu kadhaa. Akaniuliza ungo mzima una mekundu mengi au machache, nikasema tele. Akaniambia nichote tena. Sikupata hata moja. Nikachota tena, nikapata moja tu. Tuliendelea hadi maharage yakawa ya moto mikononi, naye akanieleza kwamba konzi moja inaweza kusema chochote, lakini konzi nyingi, zikichotwa bila macho kuchagua, huanza kusema kweli, na kadiri unavyozidi kuchota ndivyo nafasi ya kudanganyika inavyopungua. Haiishi, inapungua.

Ndiyo sababu mashimo yetu hayakuchaguliwa. Tulinyoosha kamba kukata bonde, na shimo lilichimbwa pale kamba iliposema, hata kama ni katikati ya miiba au juu ya kichuguu cha siafu. Somo hilo Sumaili naye alilipata kwa mkubwa wetu, Mbelgiji mwembamba mwenye miwani tuliyempa jina la Bwana Kamba. Hakuwa mtu wa fimbo, na siku zile hilo peke yake lilitosha watu wamzungumzie vizuri, ingawa Sumaili aliyemzidi umri alimwita "mutoto" kama alivyotuita sote. Lakini kwa kamba yake nilimheshimu. Huko upande wa Kabambare mzungu mwingine alipata shimo moja zuri, akaacha kamba, akachimba kulizunguka shimo lile tu, akajenga nyumba za matofali za wafanyakazi. Bonde lilikuwa tupu. Nilizikuta nyumba zile baadaye zinakaliwa na mbuzi, nao walikuwa wameridhika.

Lakini mkia mweusi bado si bati. Hapo ndipo mnapokosea zaidi, mnaona cheusi mnaanza kupanga bei. Chuma nacho ni cheusi. Kwanza tulipitisha sumaku, ikanyanyua chuma chake. Kilichobaki tulikitia kwenye kisahani cha zinki, tukadondoshea matone ya asidi kutoka chupa nene yenye kizibo cha mpira. Zinki inaanza kutoa mapovu, unasubiri, unasuuza. Kama punje ni ya bati, inakuwa imevaa koti jeupe la kung'aa, bati lenyewe, limetoka ndani likakaa juu ya ngozi yake. Kama si bati, inabaki nyeusi kama ulivyoiweka. Mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo. Babu zetu wote walipita juu ya punje zile, mvua zote zilizipitia, na siri ilikuwa imekaa humo ikisubiri tu kuitwa vizuri. Hadi leo nikikumbuka koti lile nasikia baridi ya furaha.

Sasa niwapeleke hadi nchi ya Wamaza, kwa sababu nikisema Sumaili alikuwa mtu mkubwa, mna haki ya kuniuliza ukubwa wake niliuona wapi.

Mkewe, Mama Zuhura, alikuwa mwanamke wa Wamaza. Aliolewa mjini Kasongo, lakini kila kiangazi alirudi kwao, kwenye kinamasi ambacho wanawake wa ukoo wa mama yake walitengenezea chumvi, munyu kama walivyoiita wenyewe. Niliwatazama wakifanya kazi ile nikasahau njaa. Walikata majani fulani ya majini, wakayakausha, wakayachoma, wakatia majivu kwenye kikapu kilichochongoka chini kama faneli, wakamwagia maji, na chini yakadondoka maji ya kahawia makali ya kukunja ulimi. Hayo waliyachemsha kwenye vyungu hadi yakauke, yakabaki mabonge ya chumvi ya kijivu yanayofungwa kwenye majani ya mgomba. Sisi tulitenga kizito na chepesi kwa maji, wao walitenga kinachoyeyuka na kisichoyeyuka. Kwa hesabu yangu ilikuwa kazi moja. Chumvi ya dukani ilikuwepo, lakini ya dukani ilitaka fedha, na fedha ilimtaka mwanamume aende kazi ya mzungu. Ile ya kinamasi haikumtaka mtu yeyote isipokuwa wao.

Zilikuwa siku za vita vya pili vya wazungu. Bati lilitafutwa kwa udi na uvumba, na barua zilikuwa zinamfuata Bwana Kamba hadi porini. Kamba ilipita bonde baada ya bonde hadi ikafika kwenye kinamasi chao. Kila mtu pale alielewa maana yake. Likipatikana bati la kutosha, udongo wote utageuzwa, na majani yale hayataota tena kwenye kifusi.

Siku ya kwanza, tukiwa tunapumzika kwenye kibanda chao cha kuchemshia, Mama Zuhura alimkabili Bwana Kamba uso kwa uso, kwa heshima lakini bila kuzunguka, akamuuliza bati ni la nini hata lishinde chumvi. Bwana Kamba hakukasirika. Alisema jiwe halina thamani mpaka mtu alitake, kwamba bati lilikaa humo tangu mwanzo wa dunia bila kuwa mali ya bure wala ya bei, na thamani inaletwa na watu. Sumaili akasema kwa upole kwamba uzito wa punje ulikuwepo hata kabla ya mtu, karai halimwulizi mtu anataka nini. Mama Zuhura alikuwa anachochea moto. Akaonyesha sehemu ya juu ya kinamasi, karibu na chemchemi, ambayo wanawake hawaikati kamwe, ni mwiko wao wa tangu bibi zao.

"Hii majani ilikuwa na munyu mbele sisi tuzaliwe," alisema. "Haikuweka munyu juu ya sisi. Nayo iko na mambo yake."

Bwana Kamba alicheka kidogo, akafuta miwani. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema majani hayakuweka chumvi kwa ajili yetu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba kila kitu duniani kinasubiri kutumiwa, na kumbe kulikuwa na watu wanaoacha sehemu ya maji kwa ajili ya majani yenyewe.

Shimo la kwanza lilichimbwa kesho yake. Sumaili aliosha. Mkia ulitoka mnene, mweusi tii, hata mimi nilihisi uzito wake nilipolishika karai. Wanawake walikuwa wamesimama ng'ambo wamefunga mikono. Sumaku ikapitishwa. Kisahani kikaletwa, asidi ikadondoshwa, mapovu yakapanda. Tukasubiri, tukasuuza. Punje zilikuwa nyeusi vilevile. Bwana Kamba akasema basi ni aina ya chuma ambayo sumaku haiipendi, akaanza kukunja vitu vyake. Wanawake walielewa bila kutafsiriwa, nikasikia pumzi ikiwatoka.

Sumaili peke yake hakuondoka. Mikono yake, iliyousikia uzito wa bati, ilikuwa imeshakataa jibu lile. Alisema baadaye kwamba mapovu yalipanda haraka mno na kufa haraka mno. Alikiokota kisahani, akakitia tone la maji, akakipitisha kidole gumba. Kilikuwa kinateleza.

Ninyi mliolelewa Maniema mnajua jinsi mama zenu wanavyosafisha sahani. Anasugua kwa majivu, na akiwa mwanamke anayependa vyombo vyake, anaacha utando wa majivu mabichi ukauke juu yake, kitu kisipoteze mng'aro hadi siku ya kutumika. Sisi tulikuwa wageni wa ukoo ule, tumekula kwao, na vyombo vyetu vyote vilikuwa vimeoshwa pamoja. Majivu yalikuwa yameiua asidi kabla haijaigusa zinki. Mapovu tuliyoyaona yalikuwa ya majivu.

"Mama Zuhura," aliita, "hii sahani nani aliisafisha?"

"Ni mimi. Ilikuwa chafu sana."

Alijibu kwa fahari, maskini, kama mtu anayengoja ahsante. Kisha akaona uso wa mumewe, akamtazama Bwana Kamba aliyekuwa amegeuza mgongo, na akaelewa yote kwa mpigo mmoja. Hakujua alichokuwa amekifanya mpaka dakika ile, na dakika ile ile alijua kwamba kingeweza kubaki hivyo.

"Baba Zuhura, acha hii mambo," alisema kwa sauti ya chini.

Nilikuwa karibu nao, nikasikia. Sikupenda kuwa Sumaili. Ningekuwa mimi ningetupa kisahani mtoni nikaenda kula.

"Nikinyamaza leo," alimjibu, "ile siku nitasema hapa hakuna kitu, nani atanisadiki?"

Akakisuuza kisahani kwa maji mengi, akakisugua kwa mchanga, akamwita Bwana Kamba, akamweleza. Wakarudia. Punje zilitoka zimevaa koti jeupe, zinang'aa mkononi kama magamba ya samaki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililichukia lile koti.

Tangu siku ile Mama Zuhura alimpikia mumewe bila chumvi. Nilikula naye, najua. Sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, samaki bila chumvi, maharage bila chumvi, na kando yetu vyungu vya chumvi vinachemka harufu imejaa kibanda. Sumaili alikula hadi mwisho wa sahani na kumshukuru. Wengine kundini walisema ni mjinga. Mimi nilikasirika kwa niaba yake, kisha nikakasirika kwa niaba ya mkewe, na sikujua nimwekee nani hasira yangu.

Mashimo yakafuata kamba. La pili lilikuwa hafifu. La tatu likawa tupu. Barua nyingine ikaja kutoka juu ikimhimiza Bwana Kamba, nami nilimwona asubuhi moja ameishika kamba, ameielekeza kule kwenye shimo la kwanza, anaangalia. Angeweza kuzungushia mashimo mahali pale pale penye utajiri, akapeleka habari njema, akasifiwa, na sisi tukajenga nyumba nyingine za mbuzi. Halafu akairudisha kamba kwenye mstari wake, akaita wachimbaji. Kwa hilo nilimpenda, na sioni haya kulisema.

Sumaili aliosha kila karai mwenyewe, wanawake wote wakikodolea macho kile kifundo cha mkono. Kama mngejua jinsi ilivyo rahisi! Ukiinamisha karai kidogo tu, punje zinakwenda, hakuna mzungu atakayeona, hakuna sheria itakayokukamata. Mimi niliyefundishwa naye nilikuwa namwangalia kwa uchoyo wa mwanafunzi, na naapa hakuinamisha. Ndani ya maji ule mkono ulikuwa umetulia.

Kamba ilipofika ng'ambo, Bwana Kamba alijumlisha mashimo tajiri na maskini pamoja, akagawanya, akasema bonde halitoshi hata kulipia majembe. Hakuomba mwosha mwingine arudie, ingawa alijua fika mke wa mwosha ni nani. Alisema mbele yetu sote kwamba mtu aliyekisuuza kile kisahani anamtosha. Basi kinamasi kilipona, na kilipona kwa neno la Sumaili.

Desturi yetu ilikuwa kwamba bonde likikataliwa, tunachonga nguzo ya mti mgumu, tunaichoma kwa chuma cha moto alama ya sifuri, tunaisimika mdomoni mwa kijito ili kundi lingine lisipoteze muda. Tukaisimika. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele, isipokuwa Mama Zuhura. Yeye aliniuliza ile duara inasema nini. Nikamwambia inasema hapa hakuna kitu. Nilitegemea afurahi. Alirudia maneno yale polepole, akatazama vikapu vyake, akatazama kule juu kwenye chemchemi, akaniuliza kama ndivyo walivyoponea, kwa kuwa hawana kitu. Nikajifanya nakaza udongo wa nguzo kwa mguu.

Asubuhi ya kuondoka nguzo haikuwepo. Bwana Kamba alitufuata uso umemwiva, kwa sababu kung'oa nguzo ya kampuni ilikuwa jela, na kwa wengine ilikuwa fimbo kabla ya jela. Sumaili alimtangulia mbio hadi kwenye kibanda. Nguzo tuliikuta huko. Ilikuwa chini ya chungu kikubwa, inawaka, sifuri imeelekea nje, na chumvi juu yake ilikuwa inaanza kushikana.

Bwana Kamba alitazama nguzo, akatazama chungu, na nadhani ile harufu ndiyo iliyomshinda, maana alipofungua kinywa hakuuliza habari za nguzo. Aliuliza bonge moja ni bei gani.

"Sitakuuzisha, Bwana," alisema Mama Zuhura. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kumwambia jirani. "Mumeandika hapa hakuna kitu. Pahali hakuna kitu, mutu atauzisha nini? Kama unataka kuonja, kaa chini, ungojee ikauke."

Nilimtazama yule mzungu. Aliivua kofia yake, akatafuta gogo, akaketi, akangoja. Sumaili naye akaja akachuchumaa upande wa pili wa moto, bila kuombwa, macho yake kwenye chungu, mtu mzima mwenye njaa ya chumvi. Mama Zuhura aliwatazama wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, kisha akainama akaisukuma ile nguzo ndani zaidi ya moto.